Alexandria Huonwa kwa Kushuka

Saa tano asubuhi basi la watalii kutoka Cairo linaegesha mbele ya ngome ya Qaitbay. Abiria wanateremka, wanakata uani, wanapanda juu ya ukuta kupigwa na upepo wa bahari. Kisha mmoja anamuuliza kiongozi wa msafara swali linaloulizwa hapo kila uchao: mnara uko wapi?

Kiongozi ananyoosha kidole chini, kwenye sakafu waliyoikanyaga. Halafu anakielekeza majini.

Watu wanayatazama maji. Picha mbili tatu, kisha hao wanarudi kwenye basi, maana saa sita ni zamu ya maktaba, saa nane chakula, na saa kumi wawe wameshaianza njia ya kurudi Cairo.

Usiku huohuo mtandaoni utasoma: "Alexandria hamna kitu."

## Neno lililonikaa

Sentensi hiyo imenikaa kifuani kwa wiki kadhaa, na sababu ni kwamba wanaoiandika si wazembe. Mtu aliyedunduliza nauli ya kutoka Nairobi au Dar es Salaam ana haki ya kuuliza alichopata. Amesoma tangu shule kwamba hapa palikuwa na mnara wa taa wa kuongozea meli, uliohesabiwa miongoni mwa maajabu saba ya dunia, na maktaba iliyokusanya elimu ya zama zake. Anafika, anakuta barabara ndefu ya ufukweni, maghorofa yaliyoliwa na chumvi, na ngome ya mwaka 1477 iliyojengwa mahali mnara uliposimama.

Nimeligeuza jambo hili huku na huku, na sasa naona kosa liko kwenye ratiba aliyouziwa. Ratiba hiyo ilitungwa kwa desturi ya Giza penye piramidi na Luxor penye mahekalu, ambako ukuu wa mambo ya kale umesimama na mtu anauona kwa kuinua shingo. Alexandria haijasimama. Imelala, sehemu yake chini ya mitaa na sehemu chini ya bahari.

Mitetemeko ya mwaka 956, 1303 na 1323 ndiyo iliyouvunja mnara. Kabla ya hapo, tarehe 21 Julai 365, tsunami ilikuwa imeupiga mji. Ardhi yenyewe ya pwani ilididimia, hata jumba la kifalme la kina Kleopatra likaishia chini ya maji ya Bandari ya Mashariki. Huku juu watu waliendelea kujenga, kila kizazi kikiyatumia mawe ya waliotangulia, na mji wa leo umeukalia mji wa kale barabara kwa barabara.

Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, aliupitia mnara mwaka 1326 akakuta upande wake mmoja umebomoka. Mwaka 1331 alikuwa kwetu, Mombasa na Kilwa. Aliporudi Alexandria mwaka 1349, uharibifu ulikuwa mkubwa kiasi kwamba hakuweza kuingia wala kuufikia mlango.

Msikiti Mkuu wa Kilwa bado unaweza kusimama ndani yake. Mnara hauwezi.

## Kuingia mjini

Treni kutoka stesheni ya Ramses, Cairo, huchukua saa mbili na nusu hadi tatu kwa kilomita zipatazo 208. Hapa ndipo wageni wengi hupotea mapema: Alexandria ina stesheni kuu mbili. Ya kwanza ni Sidi Gaber, na nusu ya behewa huteremka hapo, kwa hiyo mgeni naye hujitosa. Kama umepanga kulala mji wa zamani, kaa kwenye kiti chako. Shuka mwisho wa reli, stesheni ya Misr, ambayo wenyeji huiita Mahattat Masr. Ukikosea, hujapotea sana, ila utaanza safari kwa kubishana bei na dereva wa teksi nyeusi na njano.

Lala mtaa wa Raml au wa Manshiyya. Ukiwa hapo, sehemu kubwa ya nitakayoyataja chini utayafikia kwa miguu au kwa safari fupi ya gari. Hoteli za mbali upande wa Montaza zina fukwe nzuri, lakini kila asubuhi utakula muda mwingi kwenye foleni ya barabara ya ufukweni.

Basi dogo la abiria hapa huitwa *mashrua*, na mkaaji wa Afrika Mashariki hahitaji kufundishwa namna ya kulipanda. Simama kando, taja mtaa unaokwenda, pitisha nauli kwa mkono wa aliye mbele yako. Tramu ya Raml, iliyoanza mwaka 1863, imo kwenye mpango wa kufumuliwa na kujengwa upya, na reli ya zamani ya Abu Qir inageuzwa kuwa metro. Usiifunge safari yako kwenye vyombo hivyo viwili kabla ya kuuliza hotelini hali ya siku hiyo.

Tembea na kadi ya benki. Maeneo mengi ya kale yaliyo chini ya serikali sasa hayapokei fedha taslimu getini, na mtu mwenye bahasha ya pauni za Kimisri hurudishwa akiwa ameuona mlango tu.

## Ngazi 99

Kama una asubuhi moja tu, ipeleke Kom el-Shoqafa, mtaa wa Karmouz. Mwaka 1900 punda alitumbukia kwenye shimo hapo, na shimo likawa mdomo wa makaburi ya karne ya 2 BK yaliyochongwa ndani ya mwamba kwa tabaka tatu.

Unashuka kwa ngazi 99 zinazozunguka kisima kikavu. Kisima hicho ndicho kilichokuwa njia ya maiti: waliteremshwa katikati kwa kamba huku waombolezaji wakizunguka kwa ngazi. Kwenye ukuta wa kisima pametobolewa madirisha, na mwanga wa juu unakufikia kupitia hayo, ukipungua kila mzunguko.

Chini kuna ukumbi wenye mabenchi ya mawe pande tatu. Hapa jamaa walilala kwa ubavu na kula karamu ya kumkumbuka marehemu. Vyombo vilivyovunjwa na kuachwa vilirundikana hadi kilima kizima kikaitwa Kilima cha Vigae.

Kisha kaburi kuu, na hapa usiharakishe. Mlangoni wanakulinda nyoka wawili wenye ndevu. Vichwani wamevaa taji maradufu la mafarao. Wamebeba fimbo za miungu ya Kigiriki. Juu yao kuna ngao zenye uso wa Medusa, yule mwanamke wa hadithi za Kigiriki mwenye nywele za nyoka. Ukishaingia, geuka uutazame ukuta wa mlango uliopita: Anubis, mungu wa Kimisri mwenye kichwa cha mbweha, amesimama na vazi la askari wa Kirumi, deraya kifuani na upanga ubavuni. Wageni wengi hutoka bila kumwona kwa kuwa yuko nyuma yao.

Ninachokiheshimu hapo ni kutokuona haya kwa wachongaji. Hawakuhangaika kuamua wao ni Wamisri, Wagiriki au Warumi. Mtu wa Lamu au Unguja, aliyezaliwa katika mji ambao mlango ni wa huku, dari ni ya kule na chakula kimetoka kotekote, ataielewa sanamu hiyo kabla ya kusomewa maelezo.

Kwa miongo mingi tabaka la chini lilikaa limezama kwenye maji ya ardhini. Mradi wa kuyavuta kwa pampu ulikamilika mwaka 2019, na tangu hapo makaburi yanategemea mashine zinazofanya kazi bila kukoma. Vaa viatu vyenye soli inayoshika. Jiwe lina unyevunyevu na kingo za ngazi zimesuguliwa na nyayo.

Kutoka hapo hadi nguzo inayoitwa ya Pompey ni mwendo mfupi wa miguu. Jina ni kosa la wasafiri wa zamani. Nguzo iliwekwa kwa heshima ya mfalme wa Roma Diocletian mwishoni mwa karne ya 3, ni graniti nyekundu ya Aswan, na ina urefu unaokaribia mita 27. Ipige picha, halafu shuka kwenye mapango yaliyo chini ya kilima hichohicho. Palikuwa na hekalu la mungu Serapis, na hekalu hilo lilikuwa na maktaba tanzu ya ile kubwa, hadi lilipoharibiwa mwaka 391. Rafu zilizochongwa kwenye mwamba bado ziko ukutani, tupu.

## Madarasa

Anayeitafuta maktaba ya kale anapelekwa kwenye mpya, Bibliotheca Alexandrina, iliyofunguliwa Oktoba 2002. Ni jengo linalostahili safari: duara la mita 160 lililoinamishwa kuelekea bahari, na ukuta wa graniti uliochongwa herufi za maandishi ya dunia nzima. Ingia kwenye ukumbi wa kusomea, tazama ngazi zake zinavyoshuka kwa tabaka, toka. Ijumaa na Jumamosi saa zake hubadilika, hivyo hakikisha kabla ya kwenda.

Lakini elimu ya Alexandria utaikuta karibu zaidi Kom el-Dikka, dakika chache kutoka stesheni ya Misr. Watu huenda kwa ajili ya ukumbi mdogo wa Kirumi wenye viti vya marumaru, wakakaa, wakapiga picha, wakaondoka. Endelea mbele kidogo. Kuna mstari wa vyumba vipatavyo 20, kila kimoja na mabenchi ya mawe yaliyopangwa kwa umbo la kwato ya farasi. Mwisho wa chumba kuna kiti kimoja kilichoinuliwa, cha mwalimu. Katikati ya sakafu, jiwe fupi la kusimamia.

Ni madarasa. Yalitumika kati ya karne ya 5 na ya 7.

Mwanajiografia Claudius Ptolemy aliishi katika mji huu karne kadhaa kabla ya vyumba hivyo, katika karne ya 2. Kwa habari za mabaharia na wafanyabiashara aliandika juu ya Rhapta, mji wa biashara ambao wanahistoria wengi huuweka kwenye pwani ya Tanzania ya leo, na juu ya milima yenye theluji na maziwa yanayoulisha Mto Nile. Pwani yetu iliandikwa hapa kabla ya kuandikwa kwetu. Sijui niseme jambo hilo kwa fahari au kwa uchungu, na kila nikilifikiria hisia hugeuka.

Makumbusho ya Wagiriki na Warumi yako jirani. Yalifungwa mwaka 2005 na kufunguliwa tena Oktoba 2023, kwa hiyo kitabu cha zamani cha wasafiri kitakudanganya kwamba yamefungwa. Fahali wa Apis wa jiwe jeusi, aliyetoka kwenye kilima cha Serapis, yuko humo.

## Mawe mawili ya kuchagua

Turudi Qaitbay, kwa sababu hapo ndipo mawazo yangu yalipogeuka.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mawimbi yalikuwa yanaila ngome, na wakuu wa mji wakaamua kumwaga matofali makubwa ya zege baharini kuyavunja nguvu. Walichokuwa wakikifunika kilikuwa kinafahamika: mpiga mbizi wa Kimisri, Kamel Abul-Saadat, alishatoa taarifa ya sanamu na mawe makubwa tangu miaka ya 1960, na mwanaakiolojia Honor Frost aliiandikia UNESCO ripoti juu ya mahali hapo mwaka 1968. Kelele zikapigwa. Ndipo kundi la mwanaakiolojia Mfaransa Jean-Yves Empereur likazama kuanzia mwaka 1994 na kuorodhesha vipande zaidi ya 3,000 kwenye kina cha mita 6 hadi 8: nguzo, sfinksi, sanamu, na mawe ya mlango yenye makumi ya tani, ambayo watafiti wanaamini ni ya mnara wenyewe. Mwaka 2025 mawe 22 kati ya hayo yaliinuliwa ili yapimwe kwa picha na kuunganishwa katika kompyuta.

Kwa hiyo ulinzi wa kinachoonekana ulikuwa unakizika kisichoonekana. Nilipoanza kulifikiri jambo hili nilikuwa upande wa mawe ya chini bila wasiwasi. Sasa sina hakika hiyo. Ngome ikiachwa ianguke, inaangukia juu ya mnara huohuo, na tena sehemu ya mnara imo ndani ya kuta zake, kwani Sultani Qaitbay alijenga kwa mawe aliyoyakuta hapo. Hakuna upande usiopoteza.

Anayetaka kushuka kuyaona anaweza. Kuna vituo vya kupiga mbizi vinavyopeleka wageni Bandari ya Mashariki na mbele ya ngome, ila elewa unachokinunua. Kibali huchukua muda, hivyo wasiliana nao kabla ya kusafiri na upeleke nakala ya pasipoti na cheti chako cha mbizi. Kina ni kidogo, hivyo si kazi ngumu. Tatizo ni maji. Siku mbaya mkono ulionyooshwa hauuoni vizuri, kwa sababu ya mchanga, mawimbi na uchafu wa mji. Omba siku ambayo upepo umetulia kwa siku mbili tatu mfululizo, na kituo kikikuambia leo hapafai, kishukuru. Usiyepiga mbizi, nenda uwanja wa Bibliotheca: sanamu kubwa ya mfalme Ptolemy, si yule mwanajiografia, iliyosimama hapo iliopolewa mwaka 1995 mbele ya Qaitbay.

## Anfushi

Ukitoka ngomeni, rudi kwa miguu kupitia Anfushi. Zamani kisiwa cha Pharos, penye mnara, kiliunganishwa na bara kwa tuta. Mchanga ukajaa pande zote mbili za tuta, na mtaa huu wote umejengwa juu ya mchanga huo.

Msikiti wa Abu al-Abbas al-Mursi unatawala uwanja. Shekhe huyu kutoka Murcia, Andalusia, alikuwa mwanafunzi wa Abu al-Hasan al-Shadhili, na tarika ya Shadhiliya ilifika hadi Ngazija na pwani yetu. Msikiti wa sasa ulikamilika miaka ya 1940. Wengi huishia hapo. Vuka uwanja uende kwenye msikiti mdogo ulio mkabala, alipozikwa al-Busiri.

Ndiye aliyetunga Burda, kasida ya kumsifu Mtume. Ndiye aliyetunga Hamziya, ambayo Sayyid Aidarus wa Pate aliifasiri kwa Kiswahili cha kale, na ambayo bado inasomwa majumbani mwetu. Beti zake zimepamba kuta za msikiti. Sikutarajia msikiti mdogo hivyo uwe na uzito mkubwa hivyo kwa msomaji wa Kiswahili, na nashangaa kwamba watembezaji wa kutoka kwetu hawautaji.

Kisha samaki. Unachagua mwenyewe kwenye barafu. Uliza bei ya kilo kabla samaki hajagusa mizani, uliza kama kupika kumo ndani ya bei hiyo, na simama hapo anapopimwa, kwani hupimwa akiwa na matumbo yake. Bouri, ambaye kwetu ni mkizi, mwombe *mashwi bil-radda*: hupakwa pumba za ngano kabla ya kuchomwa, ganda linaungua na nyama inabaki na maji yake. Ukitaka *singari*, hupasuliwa mgongoni, akafunguliwa bapa, akaokwa na nyanya, vitunguu na pilipili. Wali wake ni *sayadiyya*, wa kahawia kwa vitunguu vilivyokaangwa hadi kukaribia kuungua.

## Nje ya mji

Mnara wa taa upo, ila uko kilomita 45 magharibi.

Namaanisha mnara wa Abusir, karibu na hekalu la Taposiris Magna. Ulijengwa juu ya makaburi zama za Waptolemy, wafalme wa Kigiriki waliotawala Misri, kwa umbo linaloaminika kuiga ule mkubwa, kwa kipimo kipatacho moja ya tano: chini mraba, katikati pembe nane, juu duara. Wote waliouliza swali lile Qaitbay wangepaswa kuletwa hapa. Hakuna usafiri wa umma unaofaa, kwa hiyo kodi gari la siku nzima na patana na dereva kwamba atasubiri. Ukimwachia, kurudi kutakutesa.

Gari hilohilo likupeleke Abu Mena, mji wa mahujaji wa Kikristo waliokuja kwenye kaburi la Mtakatifu Menas na kurudi makwao na vichupa vya udongo. UNESCO iliuorodhesha mwaka 1979, na mwaka 2001 ikauweka kwenye orodha ya hatari. Mashamba ya jirani yalianza kumwagiliwa, maji yakapanda, na udongo wa mfinyanzi ambao ukiwa mkavu hubeba ukuta uligeuka tope. Majengo yakaanza kuzama, hadi pango la kaburi likajazwa mchanga lisiporomoke. Pampu zilishusha maji, na mwaka 2025 Abu Mena ikaondolewa kwenye orodha hiyo ya hatari. Fuata njia zilizowekwa. Ardhi nje ya njia haiaminiki.

El Alamein, mbele zaidi kwenye barabara ya pwani, inahitaji siku yake. Makaburi ya Jumuiya ya Madola pekee yana watu zaidi ya 7,000 wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Usiichomeke mwisho wa siku ya Abusir.

Majira: Aprili, Mei na Oktoba ndiyo miezi mizuri. Julai na Agosti nusu ya Cairo iko ufukweni na bei za vyumba hupaa. Kuanzia katikati ya Novemba huja dhoruba zinazoitwa *nawwa*, kila moja na jina na tarehe yake, na wavuvi huzihesabu kama wetu wanavyohesabu kaskazi na kusi. Ya Maknasa hufungua msimu. Ya Awwa huufunga mwishoni mwa Machi. Siku ya nawwa barabara ya ufukweni hurushiwa mawimbi na mitaa ya chini hujaa maji.

Siku ya mwisho ipeleke Rashid, ambayo Wazungu huiita Rosetta, kilomita 65 mashariki, kwa mashrua kutoka stendi mpya ya Moharram Bek. Nyumba za zama za Waturuki zimejengwa kwa matofali mekundu na meusi yanayopokezana, zina madirisha ya mbao ya nakshi, na unaruhusiwa kupanda hadi orofa za juu katika baadhi yake. Lile Jiwe la Rosetta, lililowawezesha wataalamu kusoma maandishi ya kale ya Kimisri, lilipatikana hapa mwaka 1799. Liko London, na kilichopo kwenye ngome ya hapa Rashid ni nakala. Kodi mashua kuelekea mdomo wa mto. Tangu Bwawa Kuu la Aswan lilipokamilika mwaka 1970, Nile haileti tena tope lililokuwa likiujenga ufuko huu, na bahari imekuwa ikimega pwani ya Rashid hadi ikabidi ijengewe kuta za zege. Maji yaliyotoka Jinja yanafika hapa, tope haliji nayo. Patana bei ya mashua kwenda na kurudi, lipa mkirejea, na uwe stendi kabla ya magharibi, kwa sababu mashrua za kurudi Alexandria huondoka zikijaa, na jioni huchukua muda kujaa.